Mlo au Mazoezi: Mwenye Kisukari wa Dar es Salaam Aanzie Wapi?

Mgonjwa anayetoka kliniki ya kisukari kwa mara ya kwanza hupewa maagizo mawili kwa pumzi moja, kwamba abadilishe chakula na afanye mazoezi, na mara nyingi huyasikia kama agizo moja. Akifika nyumbani ndipo anapotambua kwamba ni kazi mbili tofauti: moja iko jikoni na inawahusu wote wanaokula chungu kimoja naye, na nyingine inahitaji muda ambao mtu anayetoka Kimara saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku hana uhakika wa kuupata. Wachache huanza zote mbili kwa pamoja na kudumu nazo. Wengi huchagua moja, na wengi wao huchagua ile inayoonekana na watu, yaani mbio za Jumamosi asubuhi, ilhali sahani ya usiku inabaki vilevile.

Ninaandika kwa ajili ya mtu huyo anayechagua. Ulinganisho huu unahusu kisukari cha aina ya pili, ambapo mwili bado unatengeneza insulini, yaani homoni inayoiondoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini, lakini haitoshi au haifanyi kazi ipasavyo. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza anaishi kwa insulini ya sindano, na kwake hakuna mlo wala zoezi linaloweza kuchukua nafasi ya sindano hiyo. Hukumu yangu naitoa mapema: anayeweza kuanza na jambo moja tu aanze na anachokunywa pamoja na kiasi cha wanga anachokula usiku, kisha hatua ya pili iwe kutembea baada ya mlo huohuo, kabla hajafikiria jimu, raba mpya au kikundi cha kukimbia.

Kazi ya kila kimoja mwilini

Sukari iliyomo kwenye damu hutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni chakula, hasa wanga na vitu vitamu, ambavyo hupandisha sukari ndani ya saa moja au mbili baada ya kula. Upande wa pili ni ini, ambalo huachia sukari tukiwa tumelala ili mwili usiishiwe nguvu, na kwa mwenye kisukari ini hilo huachia kupita kiasi. Ndiyo sababu mtu anaweza kulala bila kula na bado akaamka na namba kubwa. Mlo hugusa pande zote mbili. Wanga ukipungua, sukari ya baada ya kula hushuka siku hiyohiyo, na uzito ukipungua kwa miezi kadhaa, mafuta yaliyojazana kwenye ini na kongosho hupungua, kwa hiyo na namba ya asubuhi nayo huanza kushuka.

Mazoezi hufanya kazi kwa njia nyingine. Misuli inayojongea huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haba, na zoezi likiisha mwili hubaki ukiitikia insulini vizuri zaidi kwa saa 24 hadi 48 hivi. Kutokana na hilo wataalamu hushauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, zisambazwe ili zisipite siku mbili mfululizo bila zoezi. Anayekimbia Jumamosi peke yake amekwisha kuipoteza faida hiyo kabla ya Jumanne.

Pale ambapo mazoezi huzidiwa kabisa na mlo ni kwenye uzito. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa hutumia kalori 250 hivi, na sahani moja ya chipsi mayai ina zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Nimewaona watu wenye bidii ya kweli, wanaotoka jasho kila wikendi, wakikata tamaa kwa sababu mizani haisogei. Bidii yao haikuwa na kasoro, ila ilikuwa inadaiwa kazi isiyokuwa yake.

Tafiti mbili zinasaidia kupima nguvu ya mlo na ya mazoezi. Mwaka 1986, katika mji wa Da Qing nchini China, watu 577 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari waligawanywa kufuatana na kliniki zao 33: wengine wakapewa ushauri wa mlo, wengine wa mazoezi, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa programu yoyote. Baada ya miaka 6, waliopata kisukari katika kundi lisilo na programu walikuwa asilimia 67.7, katika kundi la mlo asilimia 43.8, la mazoezi asilimia 41.1, na la vyote viwili asilimia 46. Kwa hiyo kwa mtu ambaye bado hajavuka mpaka, mlo na mazoezi vilikaribiana sana, na achague kile atakachodumu nacho.

Kwa aliyekwisha kuugua hali ni tofauti. Katika utafiti uliofanyika Uskoti na kaskazini mwa Uingereza, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2017, watu waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka 6, wasiotumia insulini, walipewa mlo wa kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5 chini ya uangalizi, kisha wakarudishiwa chakula cha kawaida polepole. Mwaka mmoja baadaye asilimia 46 kati yao walikuwa na sukari iliyo chini ya kiwango cha kisukari bila dawa, na baada ya miaka 2 walibaki asilimia 36. Waliofaulu zaidi ni wale waliopungua kilo 15 au zaidi. Sisemi mtu ajifungie chumbani Tandika na kula kalori 800, kwani mlo wa namna hiyo bila daktari ni hatari, hasa kwa anayemeza vidonge vya kushusha sukari. Ninachokichukua hapo ni kwamba uzito ndio unaoweza kuurudisha ugonjwa nyuma, na uzito huamuliwa zaidi jikoni.

Sahani ya usiku

Kabla ya sahani, kikombe. Soda ya mililita 350 hubeba gramu 35 hadi 40 za sukari, sawa na vijiko tisa hivi vya chai, na vikombe vitatu vya chai ya maziwa vyenye vijiko vitatu kila kimoja hufika palepale. Sukari ya kinywaji huingia kwenye damu haraka kuliko ya vyakula vingi, na haishibishi. Juisi ya miwa na juisi ya embe ya kusaga haziponyi kwa kuwa ni za asili. Ukilinganisha chungwa zima na glasi ya juisi, chungwa lina nyuzinyuzi na ni moja, wakati glasi imekula matatu au manne. Asali na sukari guru ni sukari. Madafu yana sukari kidogo kuliko soda, ila yanayo, na anayekunywa mawili kwa mfululizo ayahesabu. Katika mabadiliko yote ninayoyalinganisha hapa, hili la vinywaji ndilo lenye gharama ndogo na matokeo ya haraka, tena linamwachia mtu fedha mfukoni.

Kisha ugali. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama dona ni bora kuliko sembe, na jibu langu ni ndiyo, lakini kwa kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Dona hubaki na pumba na kiini, kwa hiyo ina nyuzinyuzi na vitamini ambazo sembe imezipoteza kwenye kukoboa, na hushibisha mapema. Ila wanga wake ni uleule wa mahindi. Unga wa mtama, wa ulezi na wa muhogo nao ni wanga vilevile, ingawa huuzwa kwa bei ya juu kwa jina la unga wa wenye kisukari. Mtu aliyehama kutoka sembe kwenda mtama na kuendelea kula mlima uleule amebadilisha rangi ya sahani. Akilazimika kuchagua kati ya sembe nusu na dona kamili, achague sembe nusu. Akiweza kula dona nusu, hiyo ni bora zaidi, mradi mahindi yawe makavu na yasiwe na ukungu.

Wali huwasumbua wengi kuliko ugali kwa sababu ni mlaini, huteremka haraka, na wali wa nazi huongeza mafuta juu ya wanga. Ukiupenda, ule kidogo na maharage mengi, kwani maharage yana protini na nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia damuni. Viazi mviringo vya kukaanga sivihesabu kama mboga, ingawa baadhi ya vibanda huvipakua hivyo.

Mama yangu mdogo, mkazi wa Mbagala, ndiye aliyenifundisha kwamba vita hivi hupiganwa kwenye chombo cha kupakulia. Kwake ugali ulipakuliwa kwa bakuli la plastiki lililochovywa maji: anajaza, anabana kwa mwiko, anapindua kwenye sahani, na kilima laini kinabaki kikitoa mvuke. Bakuli lilikuwa lilelile kwa kila mtu, kuanzia kijana anayebeba mizigo sokoni hadi yeye mwenye kisukari. Tulichofanya ni kuliacha bakuli kwa wengine na kumtafutia yeye kikombe cha chai, kichovywe maji vilevile, kijazwe na kupinduliwa. Siku ya kwanza alikitazama kile kilima kidogo akaniambia, "Mwanangu, huu ni ugali wa kumwonjesha mgeni." Nikamwambia, "Mama mdogo, ugali tumeupunguza, mboga hatujaigusa." Na kweli nusu nzima ya sahani ilikuwa matembele na bamia, robo ikawa samaki wa kuchemsha aliyenunuliwa Feri asubuhi, na robo iliyobaki ndiyo ya kile kikombe. Alizoea baada ya wiki mbili hivi. Ingekuwa tumemtaka apike chungu chake peke yake, naamini asingefika hata wiki moja, maana kula tofauti na familia humfanya mtu ajione ametengwa.

Jambo lingine dogo lenye nguvu ni mpangilio wa kula. Mboga na samaki vikitangulia, wanga ukafuata, sukari ya baada ya kula hupanda kidogo kuliko wanga unapotangulia. Kwa mlaji wa ugali hili lina ugumu wake, kwa sababu tonge na mboga huenda pamoja. Inatosha kula sehemu nzuri ya mboga na kitoweo kwanza, ndipo umege tonge.

Kwa anayefunga Ramadhani hesabu hubadilika, kwa kuwa futari ya uswahilini ni wanga juu ya wanga: uji wenye sukari, viazi vitamu, magimbi, tambi na kaimati kwenye sinia moja. Achague kimoja kati ya hivyo na kukila kidogo, na kuhusu kufunga kwenyewe na saa za dawa azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Aina tatu za mazoezi

Anayepita Coco Beach au kwenye Daraja la Tanzanite alfajiri ya Jumamosi huona makundi ya wakimbiaji wenye fulana za rangi moja, na ni jambo la kufurahisha kulitazama. Mbio hizo hujenga moyo na mapafu, na kikundi humfanya mtu aone haya kulala. Kasoro yake kwa mwenye kisukari ni kwamba huja mara moja kwa wiki, mara nyingi huisha kwa supu na chapati mbili, na kwa mtu aliyekaa miaka mingi bila mazoezi goti huumia mapema, naye akaacha vyote.

Zoezi la pili halina fulana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walichapisha mwaka 2016 utafiti wa watu 41 wenye kisukari cha aina ya pili, waliotembea dakika 30 kwa siku kwa namna mbili: kwa mkupuo mmoja wakati wowote, au dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Kutembea baada ya mlo kulishusha sukari ya baada ya kula kwa asilimia 12 zaidi, na baada ya mlo wa usiku tofauti ilifika asilimia 22. Muda wa kutembea ulikuwa uleule, kilichotofautiana ni saa. Mlo wa usiku kwa wengi wetu Dar es Salaam ndio mkubwa na ndio wa kuchelewa, unaliwa saa tatu baada ya foleni, na saa nne mtu yuko kitandani. Dakika 10 au 15 zilizowekwa hapo zina thamani kuliko dakika hizohizo zikiwekwa mahali pengine popote pa siku.

Najua pingamizi zake. Mitaa mingi haina taa wala njia ya waenda kwa miguu, bodaboda hupita kwa kasi, masika hugeuza barabara kuwa dimbwi, na mwanamke kutembea peke yake saa tatu usiku si jambo la kushauriwa kirahisi. Lakini misuli haijui kama iko barabarani. Kuzunguka uani, kupanda na kushuka ngazi za ghorofa, au kutembea kutoka ukumbini hadi jikoni huku simu ikiwa sikioni, yote huhesabika mradi usikae. Mwenye nafasi ya kutembea wakati mwingine wa siku afanye hivyo alfajiri au jioni, hasa kati ya Desemba na Februari, kwa kuwa joto la jiji hukausha mwili, na mwili ukikaukiwa maji sukari huzidi kupanda.

Zoezi la tatu ni la nguvu, nalo hupuuzwa isivyo haki. Misuli ndiyo ghala kubwa la sukari, kwa hiyo kuikuza ni kupanua ghala. Halihitaji vyuma: kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mahali, mara 10 kwa awamu tatu, na kusukuma ukuta kwa mikono, siku mbili au tatu kwa wiki, kunatosha kuanzia. Kwa mwenye kisukari aliye mwembamba, na tunao wengi, hili ndilo ningeliweka mbele ya yote, kwa sababu mtu huyo hana kilo za kupunguza na kumnyima chakula ni kumdhoofisha. Vilevile aulize kliniki kama ana uhakika na aina ya kisukari chake.

Namna ya kuacha mashine iamue

Mwenye mashine ya kupimia sukari anaweza kufanya ulinganisho huu kwenye mwili wake mwenyewe kwa siku tatu. Stripu, yaani vipande vya kuwekea tone la damu, ni ghali, kwa hiyo zipangwe: mbili kwa kila siku ya jaribio, moja kabla ya kula na nyingine saa mbili baada ya tonge la kwanza. Siku ya kwanza kula kama ulivyozoea na ukae. Siku ya pili kula chakula kilekile kwa kiasi kilekile, kisha utembee dakika 15. Siku ya tatu punguza wanga nusu, ongeza mboga, na usitembee. Linganisha kilichoongezeka kati ya kipimo cha kwanza na cha pili. Kwa watu wazima wengi shabaha ni milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada yake. Mashine ikionyesha namba kama 130 au 180 inatumia miligramu, na hapo gawanya kwa 18.

Namba ya baada ya kula ikiwa ndiyo inayoruka huku ya asubuhi ikiwa nzuri, tatizo lako liko kwenye sahani na kwenye kukaa baada yake, na mojawapo ya tiba hizo mbili itaonekana siku hiyohiyo. Namba ya asubuhi ikiwa kubwa kila siku, usitegemee matembezi ya wiki moja: hapo kazi ni ya uzito na ya dawa, na kipimo cha kukiangalia ni kile cha wastani wa miezi mitatu, kinachoandikwa HbA1c kwenye karatasi ya maabara, ambacho wengi huambiwa wakifikishe chini ya asilimia 7.

Kuna watu wanaopaswa kuanza kwa tahadhari. Anayetumia insulini, au vidonge kama glibenclamide na gliclazide, akipunguza wanga na kuongeza mazoezi kwa wakati mmoja sukari inaweza kushuka chini ya milimoli 3.9, naye akatetemeka, akatoka jasho jembamba na kuchanganyikiwa. Atembee na sukari mfukoni, atumie vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji, na apime tena baada ya dakika 15. Metformin, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake mara chache huleta hali hiyo. Mwenye ganzi miguuni asitembee pekupeku, hata kwenye mchanga wa ufukweni, kwa kuwa kipande cha chupa kinaweza kuingia bila yeye kuhisi. Avae viatu vya kufunika, na akirudi akague nyayo na katikati ya vidole kwenye mwanga. Aliyeambiwa kuwa mishipa ya macho imeathirika asinyanyue vitu vizito kabla ya daktari wa macho kumruhusu.

Mama mdogo huziandika namba zake kwenye daftari la shule la kurasa 40, safu moja ya kabla ya kula na nyingine ya baada, na pembeni ameandika "kikombe" au "nimetembea". Alipolipeleka kliniki, daktari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akampunguzia kipimo cha kidonge cha jioni. Anayeona namba zake zikishuka afanye vivyo hivyo, ampelekee daktari daftari kabla ya kugusa dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.